Gesi Iliyotiwa Adabu

Mtungi wa gesi ya ukaa uliowekwa kwenye chumba chenye joto la nyuzi 20 una presha ya takriban bar 57 ndani yake. Chumba kikifika nyuzi 30, presha inapanda hadi bar 72 hivi. Tairi la gari dogo, kwa kulinganisha, linajazwa bar 2 na ushei. Sasa mtu anataka kuitoa gesi hiyo mtungini na kuitia kwenye chupa ya plastiki yenye maji ya kunywa, jikoni kwake, watoto wakiwa pembeni, ili apate maji ya mapovu. Kinachomwezesha kufanya hivyo bila kuvunja nyumba ni kifaa cha shaba kinachoenea kiganjani, chenye geji mbili na kirungu kimoja cha kuzungusha. Ndiyo regulata.

Wengi wetu tukisikia neno hilo tunaikumbuka ile ya jiko, inayobanwa juu ya mtungi wa kilo 6 au 15 na kusahauliwa hapo. Hiyo nayo ni ndugu, ila wa mbali. Imepangwa kiwandani itoe presha ndogo mno, ya kulisha moto tu, na mpishi hana la kurekebisha. Ya vinywaji inapokea presha kubwa mara nyingi zaidi, kisha inamwachia mtumiaji aamue itoke kiasi gani. Halafu kuna za mafundi wa kuchomelea, ambazo zinaweza kumdanganya mnunuzi asiyejua: nyingi kati ya hizo, geji ya pili haisomi presha hata kidogo, inasoma mwendo wa gesi, lita ngapi kwa dakika. Ukiifunga kwenye chupa hutajua umeipa nini.

Niliyejifunza kwake kuitazama kazi hii kwa makini ni mzee mmoja wa Tandika, fundi wa majokofu aliyestaafu. Jioni huwatengenezea wajukuu maji ya gesi, na majirani wanaobahatika kupita. Hana haraka, na kwa kazi hii hilo ni nusu ya ujuzi. Siku moja nilimkuta anafungua regulata iliyokufa. Nilipomaliza kumwamkia akanisogezea kigoda: "Njoo uone tumbo lake, mwanangu."

Ukitoa kofia unakutana kwanza na springi nene. Chini ya springi kuna kiwambo, kisahani chembamba cha mpira, kilichotanda upana wote wa kifaa. Chini ya kiwambo kuna pini, na pini inagusa vali inayoziba tundu dogo sana. Basi. Ukizungusha kirungu kwenda kulia, springi inabanwa, inasukuma kiwambo, kiwambo kinasukuma pini, vali inaachia tundu, gesi inapita. Gesi ikijaa kwenye chumba cha chini nayo inakisukuma kiwambo kirudi juu. Springi inataka kufungua, gesi inataka kufunga, na zikitoshana nguvu tundu linaziba. Chupa ikinyonya gesi kidogo, springi inashinda kwa muda mfupi, tundu linafunguka unywele mmoja, gesi inajaza pengo, tundu linaziba tena. Hakuna umeme, hakuna betri, hakuna wa kusimamia.

Ukipiga hesabu ndipo unauona ujanja wenyewe. Chukua kiwambo chenye kipenyo cha sentimeta 4. Presha ya bar 2 ikikisukuma inatoa nguvu ya takriban kilo 25, yaani nusu mfuko wa saruji. Upande wa pili, tundu la milimita 2 likisukumwa na bar 60 za mtungini linapata nguvu ya kilo 2 hivi. Presha kubwa imepewa mahali padogo pa kusimama, presha ndogo imepewa uwanja mpana, na kwa hiyo mdogo anamzuia mkubwa. Aliyelifikiria hilo kwanza alistahili kupumzika wiki nzima.

Regulata ya mzee iliuawa na chembe ya kutu ndogo kuliko punje ya chumvi, iliyokaa kwenye kitako cha vali. Kwa sababu yake tundu halikuziba sawasawa, na geji ya pili ilikuwa ikipanda taratibu yenyewe hata kama hakuna aliyegusa kirungu. Alikisugua kitako kwa kitambaa safi, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakisugua tena. Nilidhani amemaliza. Akakiinua mara ya tatu.

Kifaa hiki na vinywaji wamejuana siku nyingi. Mwaka 1889, mjini Lübeck, Ujerumani, Johann Heinrich Dräger na mwanawe Bernhard walitengeneza vali ya kupunguza presha waliyoiita Lubeca, ili wenye baa waweze kutoa bia kwenye mapipa kwa kutumia gesi ya ukaa ya mtungini. Ujuzi huohuo baadaye uliingia kwenye vifaa vya kupumulia vya waokoaji wa migodini na kwenye mashine za nusukaputi. Leo wengi wanalijua jina la Dräger kwa pumzi za wagonjwa, bia imesahauliwa. Napenda kulikumbuka hilo kila ninapoona mtu akiidharau kazi ya kutia maji mapovu.

Maji ya gesi yenyewe ni ya zamani zaidi. Joseph Priestley aliishi jirani na kiwanda cha bia mjini Leeds, Uingereza, na mwaka 1767 alianza kuyatia maji gesi iliyokuwa ikitanda juu ya mapipa ya pombe inayochacha. Mwaka 1803 William Henry wa Manchester akaeleza kanuni ambayo wanafunzi wa kemia bado wanaikariri: kiasi cha gesi kinachoyeyuka majini kinaongezeka sambamba na presha ya gesi hiyo juu ya maji. Ila kanuni ya Henry ina sharti linalosahauliwa haraka, nalo ni kwamba joto libaki lilelile. Joto likibadilika, hesabu yote inabadilika. Maji ya nyuzi 4 yanabeba karibu mara mbili ya gesi inayobebwa na maji ya nyuzi 25, presha ikiwa ileile.

Hapo ndipo fundi anapotengana na mwenye papara. Mwenye papara anachukua maji ya uvuguvugu, anatia presha ya pauni 30, yaani bar 2, anaonja, anakuta maji yamepooza. Anazungusha kirungu hadi 45. Kisha 60. Mlio unazidi, chupa inakakamaa kama jiwe, na akifungua kifuniko povu lote linaruka na kumwachia maji yaleyale yaliyopooza. Mzee wa Tandika hagusi kirungu. Sijawahi kuona geji yake ikivuka 30. Kinachobadilika ni muda ambao chupa imelala kwenye friji, na anapotaka mapovu makali zaidi anaiacha ilale hadi maji yakaribie kuganda. Kwa nyuzi 4 na pauni 30, lita moja ya maji inabeba gramu 8 za gesi au zaidi kidogo, kiwango ambacho soda kali za dukani hazikizidi. Nguvu ya nini tena?

Chupa anayotumia ni ya soda, kamwe si ya maji. Zigeuze zote mbili utazame kitako. Ya soda ina vidole vitano vinavyosimama mezani, na plastiki yake ni nene. Ya maji aghalabu ni nyepesi, unaweza kuifinya kwa vidole viwili. Chupa ya plastiki ya kubeba vinywaji vya gesi ni kazi ya Nathaniel Wyeth wa kampuni ya DuPont, aliyepewa hataza yake mwaka 1973, na imeundwa kustahimili soda iliyoachwa mahali pa joto, ambapo presha ya ndani inaweza kufika bar 5. Bar 2 za mzee haziitishi. Chupa ya kioo haiingizi kabisa kwenye kazi hii, kwa kuwa plastiki ikichoka inavimba na kupasuka, lakini kioo kinarusha vipande.

Anajaza maji robo tatu. Kisha anafanya jambo ambalo mtu asiyejua angelipita: anaifinya chupa mpaka maji yanapanda hadi shingoni, na hapohapo anafunga kifuniko chenye vali. Chupa inabaki imenywea, sura mbaya. Amefukuza hewa. Hewa ikibaki ndani inakaa juu ya maji na kuchukua sehemu ya presha, geji inasoma 30 lakini gesi ya ukaa haina 30 zake kamili. Ukishaelewa hivyo unajua kwa nini chupa mbili zilizopewa presha sawa zinaweza kuwa na ladha mbili.

Upande wa mtungi nao una taratibu zake. Mtungi unasimama wima sikuzote, maana ndani kuna kimiminika, na ukilazwa kimiminika hicho kitaingia kwenye regulata. Kirungu kinalegezwa kwanza kwenda kushoto mpaka kicheze bila kushika kitu. Hili linawachanganya wengi, kwa sababu bomba la maji ukizungusha kulia linafunga, lakini regulata ukizungusha kulia inafungua. Baada ya hapo ndipo koki ya mtungi inafunguliwa, polepole, mtu akiwa amesimama pembeni ya geji asizikabili kwa uso. Geji ya kwanza inaruka. Ya pili inabaki sifuri, na ndivyo inavyotakiwa. Kisha mzee anapaka maji ya sabuni kwenye kila nati na kila kiungo cha mpira, anatazama. Kiputo kimoja kikiota anafunga kila kitu na kuanza upya. Gesi ya ukaa ni nzito kuliko hewa, inatuama chini, na katika chumba kilichofungwa inaweza kuua mtu bila harufu wala rangi, kwa hiyo madirisha yako wazi hata mvua ikinyesha.

Sasa anabandika mpira kwenye kifuniko. Chupa iliyonywea inajinyoosha kwa kishindo kidogo, pwa! Anaishika kwa mikono miwili na kuitikisa, na kwa kila mtikisiko regulata inatoa mlio mwembamba wa gesi inayopita. Nilimuuliza mbona haachi, chupa imeshakuwa ngumu. "Maji bado yanakunywa," akasema, sikio likiwa upande wa regulata. Baada ya dakika moja hivi mlio ukafifia. Akatikisa tena, kimya. Maji yalikuwa yameshiba. Akaiweka chupa itulie kwenye friji kabla ya kuifungua, akaendelea na mazungumzo mengine.

Mashine za mezani zenye kitufe hazina mlango huu wa kurekebisha. Zinaachia gesi kwa vipindi na kutegemea vali ya usalama ipumue ikizidi. Zinafanya kazi, sikatai. Ila hazikupi nafasi ya kuamua kwamba leo unataka mapovu laini ya pauni 15, ya kuchanganya na maji ya ukwaju, na kesho ya 30, ya kukwaruza koo, kwa tangawizi. Nikitaja ukwaju, niseme pia kwamba mzee hatii gesi kwenye juisi. Nyuzi na chengachenga za tunda zinaipa gesi mahali pa kutokea, na chupa ikifunguliwa dari linapata rangi. Anatia gesi maji matupu, kisha anamimina juu ya sharubati iliyochujwa.

Kuna jambo la joto ambalo vitabu vilivyoandikwa kwenye nchi za baridi havilisemi sana. Gesi ya ukaa ikivuka nyuzi 31 haikai tena kama kimiminika, hata ukiibana vipi, na Dar es Salaam ya Februari inavuka hapo mchana wowote. Presha ndani ya mtungi uliojazwa sawasawa hupanda upesi joto linapozidi, na ndiyo maana mitungi haijazwi hadi juu. Mtungi wa mzee unakaa sakafuni, upande wa nyumba usiopigwa na jua, umefungwa mnyororo ukutani. Usiuache ndani ya gari.

Gesi yenyewe haihitaji kutoka mbali. Inachimbwa ardhini huku kwetu: Kyejo, wilayani Rungwe, ambako TOL Gases wanaivuna kutoka chini ya nchi ya volkano, na Kereita, Kiambu, ambako Carbacid ya Kenya wanafanya hivyohivyo. Mradi muuzaji akuhakikishie kwamba aliyokujazia ni ya vinywaji, na mtungi haukuwahi kubeba kitu kingine. Kilo 2 zinatosha lita 250 kwa hesabu ya karatasi. Toa zinazopotea kwenye mpira na kwenye chupa zinazofunguliwa, bado ni soda ya miezi. Kujua kilichobaki usiitegemee geji ya kwanza, maana katika chumba cha nyuzi 20 itasoma 57 mtungi ukiwa umejaa na itasoma vilevile ukiwa nusu. Pima kwa mizani.

Anayetaka kuanza aanze na regulata, vingine vitafuata. Iliyotumika si mbaya, mafundi wa majokofu wanaweza kukubadilishia kiwambo, washa na sili. Kabla ya kulipa, hakikisha nati yake inalingana na koki ya mtungi wako, kwa sababu nyuzi za nati hizi zinatofautiana nchi na nchi, na adapta ya kubahatisha ni hatari. Kisha itafute vali ya usalama ubavuni, ile inayofoka presha ikizidi. Isipokuwepo, irudishe kwa muuzaji, hata akikupunguzia bei hadi nusu.