Daktari wa Akili na Hasira ya Nyeri

Wanasaikolojia wana vipimo vyao vya tabia isiyo ya kawaida: ni nadra, inavunja desturi, inamtesa mwenyewe, inamzuia kuishi. Sawa. Lakini desturi za nani?

Soma The Psychology of Mau Mau, kijitabu cha J. C. Carothers cha 1954. Alikuwa amesimamia hospitali ya Mathari, na serikali ya kikoloni ikamwita aeleze kwa nini Wakikuyu wanakula kiapo. Kinatisha kwa sababu ya utulivu wake. Hasira ya watu wa Nyeri walionyang'anywa ardhi inageuka dalili: akili zilizoyumba kwa kuachana na mila. (Mlowezi aliyekalia shamba lenyewe hakuitiwa daktari, jameni.)

Halafu ile tiba! Carothers aliunga mkono watu kukusanywa vijijini, na mwaka huohuo wakaanza kuhamishwa kwa nguvu, nyumba zao zikichomwa. Frantz Fanon, naye daktari wa akili, alimkosoa vikali mwaka 1961. Mimi nilikisoma nikiwaza vijiji vile. Vingine bado vipo Nyeri, vimejaa familia zisizo na shamba, na watu bado wanaviita gĩcagi.