Umusobanuzi na Wadudu wa Klendathu

Dirisha limezibwa kwa blanketi zito, na ukutani pamebandikwa vipande vya godoro la sponji lililokwisha kazi. Kuna meza moja, kompyuta moja, miksa ndogo, na maikrofoni iliyofunikwa soksi nyeusi ili pumzi isigonge. Kuna pia chupa ya maji ya uvuguvugu. Mwenye chumba hanywi chai ya maziwa kabla ya kurekodi. Inaleta makohozi, anasema, na makohozi husikika kuliko mabomu.

Hapa ni Kagarama, wilaya ya Kicukiro, Kigali. Mwenye chumba ni umusobanuzi, mtu anayezifafanua filamu za kigeni kwa Kinyarwanda, sauti yake ikipita juu ya sauti za waigizaji. Filamu ikishapita mikononi mwake inaitwa agasobanuye. Msomaji wa Dar es Salaam aliyemsikia Lufufu, wa Nairobi anayemjua DJ Afro, au wa Kampala aliyekesha na VJ Jingo hahitaji maelezo zaidi. Rwanda walikuwa na Yanga, aliyefariki mwaka 2022, na kila anayeshika maikrofoni leo hupimwa kwa kipimo chake. Wenye filamu hawakuombwa ruhusa, najua. Suala hilo nililiacha mlangoni pamoja na viatu.

Nilikuja na kinyongo na kitabu. Kitabu ni Starship Troopers cha Robert Heinlein, kilichotoka mwaka 1959, na kinyongo ni juu ya filamu aliyoitengeneza Paul Verhoeven mwaka 1997. Katika kitabu kila askari huvaa vazi la chuma linalomwezesha kuruka juu ya mapaa ya nyumba. Katika filamu wanakimbia kwa miguu yao wakiliwa na wadudu wakubwa wa sayari ya Klendathu. Rico, mhusika mkuu, kitabuni ni Mfilipino ambaye lugha ya kwao ni Kitagalogi; wa filamu ni kijana wa Buenos Aires mwenye sura ya tangazo la dawa ya meno. Mwalimu Dubois na Luteni Rasczak, watu wawili kitabuni, wamefanywa mmoja. Verhoeven mwenyewe amekiri kwamba hakukimaliza kitabu. Umusobanuzi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kaka, filamu ina dakika ngapi?" Nikamwambia 129. "Basi kwanza tuzitazame hizo."

Alizitazama bila kugusa chochote. Hakuandika, hakusimamisha, hakucheka. Mara ya pili alifungua daftari la shule la mistari, akagawa ukurasa kwa rula: kushoto saa na dakika, katikati nani anasema, kulia neno. Si sentensi, neno moja au mawili ya kumkumbusha. Sentensi nzima ikiandikwa, alinieleza, mtu huisoma, na asomaye husikika anasoma. Kila mhusika alipewa mahali pake mwilini. Sajenti Zim anatoka kifuani. Carmen yuko nyuma ya pua, juu kidogo, pasipo kumfanyia dhihaka mwanamke. Rico ni sauti yake mwenyewe ya kawaida, kwa sababu Rico ndiye atakayesema kwa muda mrefu na koo lisiloigiza halichoki.

Halafu likaja neno ambalo lilimchukua jioni nzima.

Adui wa filamu hii anaitwa mdudu. Kwa Kiingereza neno hilo ni silabi moja, na askari hulipiga kelele kati ya risasi na risasi. Mdudu wa kwanza anayekuja akilini ni mende, na mende kwa Kinyarwanda ni inyenzi. Silabi tatu, nyepesi, inaenea kinywani, na mtu wa kamusi angeishika mara moja. Umusobanuzi hakuiandika hata kwa majaribio. Watutsi waliitwa jina hilo kwa miaka mingi, na mwaka 1994 redio ya RTLM ililirudia wakati wakiwindwa na kuuawa. Si mbali na chumba tulichokaa ndipo ilipokuwa shule ya ufundi ya ETO, ambako zaidi ya watu 2,000 walikimbilia kwa askari wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 11 Aprili askari hao wa Kibelgiji waliondoka. Waliobaki waliswagwa hadi Nyanza, kilima cha jirani, wakauawa. Kumbukumbu yao iko hapo Nyanza, na daladala za kwenda Bugesera huipita kila siku.

Kwa hiyo alianza kutafuta. Filamu ina jina jingine rasmi la hao viumbe, jina la jamii ya buibui, na buibui kwa Kinyarwanda ni igitagangurirwa. Wakiwa wengi, ibitagangurirwa. Nikafungua kitabu changu kwa furaha, kwani Heinlein naye anawaita viumbe wanaofanana na buibui, na nikamwambia amekikaribia kitabu kuliko filamu yenyewe. Akatabasamu, akahesabu kwa vidole: i-bi-ta-ga-ngu-ri-rwa. Silabi saba. Akarudisha filamu mahali askari anapokatwa mguu akipiga kelele, akajaribu kulisema. Mguu ulikuwa umeshakatika na yeye yuko silabi ya nne.

Akajaribu ibisimba, yaani wanyama wa kutisha. Silabi nne, na ya tatu ina uzito wa kushindilia. Akalipiga kelele mara tatu, mara ya mwisho kwa nguvu hadi jirani akagonga ukuta. Lilikaa. Lakini ibitagangurirwa hakulitupa. Alimpa mtangazaji wa taarifa za serikali, yule anayetokea katikati ya filamu kila mara kuwahimiza vijana waende vitani. Mtangazaji ana muda, na ana majivuno. Maneno marefu yanamfaa. Nimesoma makala nyingi zinazoeleza kwamba filamu hii ni kejeli, kwamba Verhoeven, aliyekua The Hague chini ya Wajerumani waliovamia Uholanzi, alikuwa akiucheka unazi kwa kuuvika sare nzuri. Sikumbuki iliyolionyesha hilo wazi kama mgawanyo huu wa silabi: wakubwa wana saba, wanaokufa wana nne.

Siku ya kurekodi tulianza saa nne usiku, pikipiki zikipungua barabarani. Alivaa hedifoni sikio moja tu, la kulia kwa filamu. La kushoto aliliacha wazi ajisikie. Mkono wa kulia ulishika daftari. Wa kushoto ulikuwa kwenye miksa, na huo ndio niliokuwa nikiutazama. Kabla hajafungua kinywa, kidole kinashusha sauti ya filamu polepole, si kwa ghafla. Akimaliza, kinairudisha juu mlipuko ukiwa ndio kwanza unaanza, hivyo mtazamaji hupata habari na kishindo vyote viwili. Waigizaji wakifumba midomo, naye amekwisha fumba. Rico akikimbia, yeye huachia pumzi kati ya maneno, kidogo tu. Mahali ambapo picha inajieleza, ananyamaza. Vijana wengi wa kazi hii huogopa kimya na kukijaza kwa mizaha. Yeye aliweka mzaha mmoja tu katika saa nzima ya kwanza, kwenye chakula cha jeshini, nami nikacheka hadi ikabidi nizibe mdomo.

Dakika ya 70 na kitu alimwita Dizzy, askari wa kike mwenzake Rico, kwa jina la Carmen. Mtu mwingine angerekebisha neno hilo moja na kuendelea. Alirudi hadi mwanzo wa tukio, zaidi ya dakika sita, akalirekodi upya lote. Sauti ya saa sita usiku si ya saa tano, alinong'ona. Ukishona kiraka, uzi unaonekana.

Kuna tangazo dogo ndani ya filamu ambapo watoto, wakishangiliwa na mtu mzima, wanakanyaga wadudu barabarani ili nao washiriki vita. Ni sekunde chache. Katika daftari, mbele ya dakika hiyo, safu ya katikati na ya kulia zilikuwa tupu. Ilipofika, kidole kilipandisha sauti ya filamu hadi juu kuliko mahali pengine popote, na yeye akaondoa kinywa kwenye maikrofoni. Tukasikia viatu vya watoto na vicheko vyao. Kisha akarudi, akaendelea na mtangazaji, silabi saba kama kawaida.

Baadaye nilimuuliza. "Wa umri wangu hawahitaji nifafanue," alisema. "Wadogo watauliza nyumbani."

Kesho yake alisikiliza kazi yote kupitia spika ya simu ya bei nafuu, akiwa jikoni, sufuria ikichemka. Wateja wake hawana hedifoni. Mahali pawili hakusikia jina la mhusika, akaenda kupandisha. Ndipo akaikusanya, akaipa faili jina, akaanza kuinakili kwenye flashi za watu waliokwisha agiza.

Wakati flashi ya kwanza inasubiriwa nilimweleza kwamba mwaka 2025 ilitangazwa Neill Blomkamp, mzaliwa wa Johannesburg, ataitengeneza upya hadithi hii kwa kurudi kitabuni. Alikichukua kitabu changu mezani, akakifungua ukurasa wa kwanza, pale askari wanapongoja kurushwa kutoka chomboni ndani ya vidonge vyao vya chuma. Kiingereza chake cha kusoma ni cha polepole, kidole kikifuata mstari. Alitoa kalamu ya risasi, akagawa kwa rula ukurasa mpya wa daftari katika safu tatu, na kwenye safu ya kulia akaandika neno moja la vazi lile la chuma, akalifuta, akaandika jingine.

Akaniomba nimwachie kitabu hadi filamu hiyo itoke. Nilimwachia.