Siracusa kwa Siku Moja: Kwa Nini Ziara Ianzie Machimboni

Ziara ya siku moja kwenye magofu huamuliwa na mpangilio wake. Mgeni anaweza kupitishwa kwenye mahekalu, thieta na makumbusho, akaondoka na picha tele na maarifa haba, kwa kuwa kila kituo kilisimuliwa kivyake. Siracusa, mji wa pwani ya mashariki ya Sisilia ulioanzishwa na Wagiriki kutoka Korintho wapata mwaka 734 KK, una mpangilio mmoja unaofundisha kuliko mingine: kuanzia machimboni asubuhi na kumalizia kanisani alasiri. Nimeufuata pamoja na mwongozaji mzoefu, na hapa nachambua jinsi unavyofanya kazi.

Msingi wake ni jiwe. Siracusa ya kale ilijengwa kwa jiwe la chokaa lililochimbwa papo hapo. Ukilifuata jiwe hilo tangu lilipobanduliwa, utaona lilivyokatwa, lilivyosimamishwa, na kwa nini sehemu moja ingali imesimama ilhali nyingine imetoweka.

Machimboni: kusoma ukuta

Wageni wengi wakiingia katika hifadhi ya Neapolis hukimbilia thieta. Mwongozaji wetu aliipita, akatuteremsha Latomia del Paradiso, shimo kubwa la machimbo ambalo leo limejaa michungwa na milimau. Alitusogeza hadi ukutani akatutaka tuangalie kabla ya kupiga picha. Ukiwa karibu hivyo, unaona mistari ya mlalo imepangana mmoja juu ya mwingine, na kati ya mstari na mstari kuna mikwaruzo ya sururu iliyoinamia upande mmoja. Kila mstari ni alama ya tabaka la mawe lililoondolewa.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Mchimbaji alichimba mfereji mwembamba kulizunguka jiwe alilolitaka, kisha akapigilia kabari chini yake mpaka likabanduka. Tabaka likiisha, alishuka hadi jingine. Jiwe zuri lilipopatikana chini ya mwamba mgumu, wachimbaji walichimba kwa ndani na kuacha nguzo za mwamba zishikilie dari. Karne zilivyopita, dari hizo ziliporomoka, na leo nguzo moja imebaki peke yake uwanjani, haishikilii kitu.

Hapo hapo ndipo lilipo pango maarufu liitwalo Sikio la Dionysius, lenye kimo cha mita 23 hivi na urefu wa mita 65, lililopindapinda kama herufi S. Inasimuliwa kwamba mtawala Dionysius alisikiliza humo siri za wafungwa wake. Jina hilo linanasibishwa na mchoraji Caravaggio, aliyefika mjini mwaka 1608, na mwongozaji alisimulia habari hiyo ya Dionysius kama hekaya. Kisha akatuonyesha juu, ambako pango ni jembamba kuliko chini. Umbo hilo linaonyesha wachimbaji walianzia juu na kushuka huku wakipanua, na maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba walifuata mkondo wa mfereji wa maji wa zamani. Mwangwi unaowafurahisha wageni ulizaliwa na namna ya kuchimba.

Jambo la mwisho kabla ya kupanda lilikuwa zito, na lilistahili nafasi yake. Mwaka 413 KK jeshi la Athene lililokuja kuiteka Siracusa lilishindwa, na mwanahistoria Thucydides ameandika kwamba si chini ya wafungwa 7,000 walitupwa katika machimbo ya mji huu, juani mchana na kwenye baridi usiku, kwa mgawo wa kama robo lita ya maji na nusu lita ya nafaka kwa siku. Ziara inayosifu majengo haina budi kuwataja walioteseka mahali mawe yake yalipotoka.

Thieta: kujenga kwa kuondoa

Ukitoka machimboni ndipo thieta inapoeleweka, kwani ni kazi ya mikono ile ile. Sehemu yake kubwa haikujengwa kwa kupanga mawe. Ilichongwa mlimani kama kinu kinavyochongwa gogoni. Mtunzi wa tamthilia Aeschylus aliwahi kuonyesha michezo yake Siracusa karne ya 5 KK, lakini umbo tunaloliona leo ni la wakati wa mtawala Hieron wa Pili, karne ya 3 KK: kipenyo cha mita 138 hivi, safu 67 za viti hapo awali, na ngazi zinazozigawa safu hizo katika sehemu 9. Kwenye ukuta wa njia iliyokata katikati ya safu bado yanasomeka kwa shida majina ya Kigiriki yaliyochongwa kila sehemu, likiwemo la Zeus, la Hieron mwenyewe na la malkia Philistis. Huenda majina hayo yalimsaidia mtazamaji kujua upande wake.

Safu za juu hazipo, na hapa mpangilio wa siku unalipa. Karne ya 16, wakati wa utawala wa mfalme Charles V, Wahispania walioitawala Sisilia walibandua mawe ya thieta kwa ajili ya ngome za kisiwa cha Ortigia. Maji yanayotoka katika pango jingine lililo juu ya thieta yaliendesha vinu vya kusagia nafaka vilivyojengwa juu ya viti vyenyewe, na nyumba ndogo ya wasagaji ingali pale juu. Mtu aliyetoka kuona mistari ya machimbo halazimiki kuelezwa sana: thieta iliyoachwa iligeuka machimbo tena.

Michezo ya kale ilirejea hapa mwaka 1914, ikianza na Agamemnon ya Aeschylus. Msimu wa maonyesho, kuanzia Mei, viti vya mawe hufunikwa kwa mbao. Anayetaka kulisoma jiwe asafiri nje ya msimu huo.

Madhabahu ya Hieron wa Pili iko jirani. Ina urefu wa karibu mita 200, na kilichosalia ni msingi uliochongwa mwambani, kwani mawe yaliyopangwa juu yake yalichukuliwa. Dakika chache zinatosha.

Ortigia: mahekalu mawili, hatima mbili

Mchana ziara huhamia Ortigia, kisiwa kilichounganishwa na bara kwa madaraja. Hekalu la Apollo, la mwanzoni mwa karne ya 6 KK, ni miongoni mwa mahekalu ya kwanza ya mawe ya mtindo wa Kidoria katika ulimwengu wa Kigiriki. Nguzo zake zilichongwa kila moja kwa jiwe zima, na zimesimama karibukaribu mno. Ni kazi ya mafundi waliokuwa bado wanahama kutoka kwenye mbao, na ambao hawakuliamini jiwe livuke nafasi pana juu ya vichwa vya watu. Hekalu hilo lilikuja kuwa kanisa, msikiti, kanisa tena, kisha kambi ya askari wa Kihispania.

Hekalu la Athena lilijengwa baada ya Gelon, mtawala wa Siracusa, kuwashinda Wakarthago pale Himera mwaka 480 KK. Nguzo zake zilipangwa kwa vipande vya mviringo, na nafasi kati yake ni pana zaidi. Karne ya 7 BK hekalu likageuzwa kanisa kuu kwa hatua mbili za werevu mkubwa. Nafasi kati ya nguzo za nje zilizibwa kwa mawe, zikawa kuta. Kuta za chumba cha ndani zikatobolewa matao 8 kila upande, zikawa safu za nguzo. Jengo likapinduliwa, lililokuwa wazi likazibwa na lililozibwa likafunguliwa, bila kubomoa mifupa yake. Tetemeko la 1693 liliangusha uso wa mbele, na uso wa sasa, kazi ya msanifu Andrea Palma, ulijengwa kati ya 1728 na 1753. Lakini ukipita kando, njia ya Via Minerva, nguzo za Kigiriki zinatokeza ukutani.

Tathmini

Mpangilio huu una gharama. Makumbusho ya Paolo Orsi na ngome ya Eurialo haviingii katika siku moja, na joto la kiangazi machimboni linataka kuanza mapema. Hata hivyo faida yake ni kubwa, maana unamwezesha mgeni kulinganisha. Jiwe ni lile lile na Wahispania ni wale wale, ila walichimba thieta iliyoachwa na hawakulichimba kanisa lililosaliwa kila siku. Hekalu la Apollo linaongeza tahadhari: lilitumika pia, lakini kila mwenyeji mpya alilikata apendavyo, na zimebaki nguzo chache na kipande cha ukuta. Kutumika peke yake hakutoshi. Kilichookoa hekalu la Athena ni matumizi yaliyofuata umbo la jengo lenyewe.

Je, matumizi ya jengo yanafuata umbo lake? Hilo ndilo swali linaloikabili thieta leo kila mbao zinapopangwa juu ya viti vyake, na mgeni aliyeanzia machimboni ana uwezo wa kulijadili. Kwa hiyo ukipewa ratiba inayoanzia kanisani, omba igeuzwe.