"Jikubali" Haitibu Ngozi: Kasoro za Elimu Yetu ya Mkorogo

Mwaka jana nilikuwa Tabora, nimekaa kwenye benchi la kituo kimoja cha afya nikimsubiri mama mdogo apimwe presha. Kabla huduma hazijaanza, akasimama mtoa elimu ya afya. Mada ya siku ilikuwa mkorogo. Kwa dakika kama kumi tukaambiwa kwamba mkorogo ni saratani, kwamba anayejichubua amejikataa na anataka kuwa Mzungu, na kwamba dawa ni moja tu: jikubali, acha leo hii hii. Akamalizia na ule utani wa "uso Fanta, miguu Coca-Cola". Benchi zima likacheka.

Pembeni yangu alikuwepo dada mmoja ambaye hakucheka. Alivuta kanga yake akafunika mikono. Ukitazama vifundo vya vidole vya mtu anayejichubua utaelewa kwa nini: ngozi ya pale ni ngumu kuchubuka, hubaki nyeusi hata mkono wote ukiwa umebadilika. Maswali yalipoitishwa, hakuuliza kitu.

Somo lile nimelisikia mara nyingi, redioni, mashuleni, hata kwenye sauti zinazosambazwa WhatsApp. Sina ugomvi na nia yake. Mkorogo unadhuru kweli. Ugomvi wangu ni na somo lenyewe kama kazi ya kuelimisha: limekosea sababu, limekosea hatari, na limeficha mlango wa kutokea. Tulipitie kipande kwa kipande.

Kosa la kwanza: "Wanataka kuwa Wazungu"

Mwaka 2011 jarida moja la saikolojia ya wanawake lilichapisha utafiti wa Kelly Lewis na wenzake, waliowahoji wanawake 42 hapa Tanzania wanaojichubua. Sababu walizotoa ziligawanyika katika mafungu sita. Ndiyo, kuwa mweupe na kufanana na Wazungu lilikuwa fungu mojawapo. Mengine matano je? Kuondoa chunusi na vipele. Kulainisha ngozi. Kumpendeza mume au kuvutia wanaume. Kuwafurahisha rafiki na majirani. Na la sita, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: kuondoa madhara yaliyoletwa na mkorogo wenyewe. Yaani mtu anapaka ili kutibu kilichosababishwa na kupaka. Fungu hilo tutalirudia.

Sasa, ukimwambia "jikubali" mtu aliyeanza kwa sababu ya chunusi, umemjibu swali ambalo hakuuliza. Na anayesema anataka weupe, mara nyingi hasemi weupe wa Mzungu. Lugha yetu ina ngazi zake za rangi: kuna mweusi tii, kuna maji ya kunde, kuna "mweupe" ambaye kwa Mzungu yeyote ni mtu mweusi tu. Anayepaka anatafuta kupanda ngazi moja au mbili ndani ya mtaa wake, pale ambapo rangi inasemekana kusaidia kupata mchumba au kazi ya mapokezi.

Tuangalie upande wa pili wa kioo. Ulaya na Amerika Kaskazini kuna biashara kubwa ya vitanda vya taa: mtu mweupe analipa, analala kwenye mashine yenye taa za mionzi ya urujuanimno, anatoka amekuwa wa kahawia. Zamani huko weupe ulikuwa alama ya tajiri, kwa kuwa maskini alichomwa na jua shambani. Kazi zilipohamia viwandani na maofisini, ikageuka: rangi ya jua ikawa alama ya mtu mwenye pesa za likizo. Ngozi ni ile ile, maana yake ndiyo iliyobadilika. Mwaka 2009 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliviweka vitanda hivyo katika kundi la juu kabisa la visababishi vya saratani kwa binadamu, kundi lile lile la moshi wa sigara. Brazil ikavipiga marufuku mwaka huo huo. Nchi nyingine zikawazuia walio chini ya miaka 18. Vita ilikwenda kwanza kwenye mashine na kwa mwenye saluni. Sijawahi kusikia Mzungu anayejianika kwenye taa akiambiwa kwamba anawakana mababu zake. Kwa nini mwanamke wa Tabora apewe hukumu ya uasi kwa tamaa ile ile ya kupendeza?

Hukumu hii ni ya zamani, na njia yake inapita hapa hapa. Novemba 1857 Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, kituo cha wafanyabiashara katika nchi ya Unyanyembe, ambako leo ndiko Tabora. Pale misafara ya kutoka Bagamoyo iligawana njia: wengine Ujiji, wengine Karagwe na Buganda. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba nguo, nyaya na shanga. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 Burton aliorodhesha aina nyingi za shanga, maana kila nchi ilikuwa na rangi yake inayopendwa, na aliyekosea rangi alikwama na mzigo. Ushanga mmoja mwekundu, samesame, anasema uliitwa pia "kifunga mji", eti kwa sababu wanawake wangejifilisi na kuwafilisi waume zao kwa ajili yake.

Angalia lawama ilivyopangwa. Aliyeuleta ushanga kutoka ng'ambo na kupata faida hatajwi. Wanaume wa misafara waliozijua bei zake zote hawatajwi. Anatajwa mwanamke. Miaka zaidi ya 160 baadaye, kwenye benchi la kituo cha afya, mpangilio ni ule ule.

Kosa la pili: "Mkorogo ni saratani"

Hapa ndipo mwanasayansi ndani yangu alipoumia. Tuanze na ngozi inavyofanya kazi.

Rangi ya ngozi hutengenezwa na seli ziitwazo melanosaiti. Watu weusi na weupe wana idadi inayokaribiana ya seli hizi. Tofauti iko kwenye wingi na ukubwa wa vifuko vya rangi zinavyovitengeneza, na jinsi vifuko hivyo vinavyosambazwa. Rangi yenyewe, melanini, hukaa juu ya kiini cha seli kama mwavuli na kuzuia mionzi ya jua isiharibu vinasaba.

Mwavuli ukikosekana nini hutokea? Jibu tunalo nyumbani, kwa ndugu zetu wenye ualbino. Watafiti wa Dar es Salaam walichapisha mwaka 1985 uchunguzi wa watu 350 wenye ualbino: madhara ya jua yalionekana tangu utotoni, na saratani kubwa za ngozi ziliwapata wakiwa bado vijana. Ndiyo maana KCMC kule Moshi inatengenezwa krimu ya kuzuia jua mahsusi kwa ajili yao. Kwa hiyo uhusiano wa jua, upungufu wa melanini na saratani si hadithi.

Lakini mtumiaji wa mkorogo si mtu mwenye ualbino. Melanini yake imepungua, haijatoweka. Madaktari wa Senegal wameripoti wagonjwa wachache waliopata saratani ya ngozi baada ya kujichubua miaka mingi, na ripoti hizo ni za kuchukuliwa kwa uzito. Hata hivyo, ushahidi wa namna hiyo haulingani na ule wa vitanda vya taa, ambako watafiti wamelinganisha maelfu ya watu. Ukisimama mbele ya watu ukasema "mkorogo ni saratani", utakutana na mama aliyepaka miaka 15 bila saratani, naye ataona umemdanganya. Akishaona hivyo, hata yale ya kweli hatayasikiliza.

Na ya kweli yanatisha vya kutosha. Viungo vikuu ni vitatu.

Cha kwanza ni zebaki. Huzuia kimeng'enya kinachotengeneza melanini, kisha hupenya mwilini na kwenda kwenye figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliripoti wagonjwa 60 waliokuwa na figo zinazovujisha protini, mwili ukivimba. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha zenye zebaki. Tena zebaki haibaki kwa mpakaji peke yake. Inahamia kwenye taulo, mashuka, na mikono inayombeba mtoto.

Cha pili ni haidrokwinoni. Nayo huzuia kimeng'enya kile kile, na ngozi hung'aa kweli miezi ya mwanzo. Ikitumika kwa wingi na kwa muda mrefu, kwa baadhi ya watu huleta mabaka ya weusi wa bluu mashavuni. Afrika Kusini waliyaeleza madhara haya kitaalamu mwaka 1975, na mwaka 1990 wakaipiga marufuku kwenye vipodozi. Mabaka hayo ni magumu sana kutibu. Mwenye nayo hudhani weusi umerudi, anaongeza dozi.

Cha tatu ni steroidi kali, hasa klobetasoli. Hii ni dawa halali ya magonjwa ya ngozi, lakini hospitalini kwa kawaida haizidi wiki mbili, wala gramu 50 kwa wiki. Mpakaji wa mkorogo hujipaka mwili mzima, asubuhi na jioni, kwa miaka. Ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, michirizi inatokea mapajani, fangasi hazikauki, kidonda kinachelewa kupona. Dawa ikiingia kwenye damu, huweza kupandisha sukari na presha.

Sikusikia hata kimoja cha viungo hivi kikitajwa asubuhi ile. Nafasi yao ilichukuliwa na Fanta.

Kosa la tatu: "Acha leo hii hii"

Hili ndilo lililonifanya niandike.

Mwili una tezi mbili ndogo juu ya figo, zinazotengeneza homoni ya jamii ya steroidi inayotusaidia kuhimili ugonjwa na mshtuko. Steroidi ikiingia kwa wingi kupitia ngozi kwa muda mrefu, tezi hizo hupumzika: kwa nini zifanye kazi iliyokwisha kufanywa? Sasa mtu aache ghafla. Kwanza ngozi inalipuka: inawaka moto, inakuwa nyekundu, inavimba, inatoa vipele kuliko vile vya mwanzo. Na kwa aliyejipaka eneo kubwa kwa miaka, tezi zilizolala huenda zisiamke kwa wakati. Uchovu, kizunguzungu, kutapika, presha kushuka. Akipata malaria au ajali wakati huo, maisha yake yanaweza kuwa hatarini.

Lile fungu la sita la utafiti sasa linaeleweka. Mwanamke anajaribu kuacha, uso unawaka, anasema "bila mkorogo mimi naharibika", anarudi kwenye kopo. Majirani wanaita ubishi. Kwenye kitabu cha tiba hiyo ni dalili, na mwenye dalili anahitaji mpango wa kupunguza polepole chini ya uangalizi wa daktari.

Zebaki nayo haina polepole, inatakiwa iachwe mara moja. Tatizo, aliyenunua mchanganyiko uliokorogwa dukani hana lebo ya kusoma, hajui amebeba kipi. Hapa hata sheria inakwama. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulizitaka nchi wanachama ziondoe sokoni, ifikapo 2020, krimu zenye zebaki inayozidi sehemu moja kwa milioni. Hapa kwetu udhibiti wa vipodozi ulihamia TBS mwaka 2019. Orodha za bidhaa zilizokatazwa zina kazi yake, lakini kopo jeupe lisilo na jina haliko kwenye orodha yoyote.

Najua atakayesema: ukimpa mtu maelezo yote haya, si unamruhusu aendelee? Nimelifikiria. Yule dada wa kanga hakuruhusiwa na mtu yeyote, alichekwa, na bado aliondoka na siri yake. Aibu ilimfungia mdomo mbele ya watu pekee ambao wangeweza kumsaidia kuacha salama.

Basi dakika zile kumi ningependa zitumike hivi. Dakika nne za viungo vitatu na kazi yake mwilini, bila chumvi. Mbili za namna ya kutibu chunusi na mabaka kwa njia halali, kwa sababu hapo ndipo wengi walipoanzia. Tatu za namna ya kuacha. Na moja ya kusema kwa sauti kwamba atakayekuja kuuliza atapelekwa chumba cha faragha, wala hatachekwa.

Na kama wewe unayesoma unatumia sasa hivi, au mkeo, au dada yako: usikate ghafla peke yako, na usisubiri mwezi ujao. Chukua kopo lenyewe, hata kama halina jina, uende nalo hospitali wiki hii. Mwambie daktari unapaka wapi, mara ngapi kwa siku, na tangu mwaka gani. Omba upimwe mkojo, sukari na presha. Ukitarajia kufanyiwa upasuaji, au ukiwa mjamzito, hilo litaje kwanza kabla ya mengine yote.