Plagi mbili za Texas

Nilishasema katika safu hii na narudia: mtungi wa naitrojeni ya kimiminika unaopumua si mtungi mbovu. Aliyeng'oa valvu ya usalama ya ule mtungi uliolipuka wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, akang'oa na diski ya kupasuka, kisha akakaza plagi mbili za shaba ya manjano mahali pake, aliharibu kazi. Sihitaji kufika mwisho wa makala kulisema hilo.

Nadhani najua alichokiona: valvu inavuma, moshi mweupe unatoka, bidhaa inapotea. Akaziba. Lakini naitrojeni huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, na hakuna ombwe katikati ya kuta za mtungi linaloweza kuzuia joto la chumba lote lisipenye. Mtungi wa lita 180, ukiwa mzima kabisa, hupoteza kama asilimia mbili kwa siku. Kila lita ikishakuwa gesi inadai nafasi ya lita karibu 700. Gesi hiyo ipite wapi?

Valvu ikivuma bila kukoma, fundi anaanza na maswali, spana baadaye. Valvu ya kupandisha presha imeachwa wazi? Ya usalama imeganda barafu ikakwama? Mtungi unatoka jasho mwili mzima, maana yake ombwe limekwisha? Viungo vipake povu la sabuni. Kisha mtungi upande kwenye mizani, ukae saa 24 bila kuguswa, upimwe tena. Kilo zilizopungua ndizo ushahidi. Ule moshi mweupe ni unyevu wa hewa tu. Na valvu iliyochoka inabadilishwa kwa valvu. Si kwa plagi!

Zile plagi hazikuleta balaa mapema kwa sababu gasketi ilikuwa inavuja, presha ikajitokea humo. Gasketi ikabadilishwa, na ikabadilishwa vizuri. Mtungi ukakosa pa kupumulia. Usiku wa manane, 12 Januari 2006, kitako kikafumuka na mtungi ukatoboa dari ya zege. Chumba hakikuwa na mtu.

James Dewar alitengeneza chupa yake ya kuta mbili, mzazi wa mitungi hii, mwaka 1892, pale Royal Institution, London, na mdomo aliuacha upumue. Yule mzee alijua anashika nini. Kampuni ya Thermos ndiyo iliyovuna pesa, yeye akaishitaki na kushindwa mahakamani. Hilo bado linaniuma.

Huku kwetu naona mitungi ya naitrojeni ya kuhifadhia mbegu za ng'ombe imefungwa mdomo kwa nailoni na mpira wa baiskeli. Kile kifuniko kimelegea kwa makusudi, jamani. Gesi isipotee, wanakwambia, na mtungi wenyewe umefungwa nyuma ya bodaboda, juani, umelazwa ubavu.