Mto Umecheka Masikioni Mwangu

Jamani, jamani, jamani! Sijui nianzie wapi. Nimelala saa nane usiku, nimeamka saa kumi na moja kuusikiliza tena muziki mmoja, na hapa ninapoandika chai imepoa mezani kwa sababu kila nikinyanyua kikombe kuna fidla inapita kichwani, nakishusha. Rafiki yangu, acha unachofanya. Kama uliwahi kuzaliwa, muziki huu unakuhusu!

Unaitwa The River, yaani Mto, wa Duke Ellington. Ndiyo, yule yule gwiji wa jazi, mzaliwa wa Washington, mzee wa piano na suti zilizonyooka. Ni wa mwaka 1970. Najua, najua, mimi ndiye niliyefika harusini wakati sufuria za pilau zinaoshwa. Sijali hata kidogo! Kwangu umetoka jikoni jana, wa moto, unafuka moshi. Nilikuwa nimelalia mto, nikausikiliza Mto, na baada ya dakika tano nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, peku, mdomo wazi.

Kisa chenyewe ni chepesi mpaka unaona wivu. Mto ni mtu. Chemchemi ni kichanga kitandani, halafu kichanga kinaanza kutambaa, kinatoka mlangoni, kinapindapinda huku na huko kwa udadisi, kinacheka, kinakua, kinapenda, kinaanguka, kinazungushwa na dunia, kinapita mijini, mpaka kinafika kwa mama wa mito yote, bahari. Mtu akinieleza hivyo kwa maneno matupu, nitapiga miayo. Lakini huyu bwana hakueleza. Alinitia majini!

Sasa ukisikia jazi, usikimbilie Morogoro Jazz na Tabora Jazz, magitaa yanaongea na kiuno kinajibu. Hii ni ile ya Marekani, ya tarumbeta zenye kiburi na saksafoni zinazoongea kama zimeamka sasa hivi. Halafu, shika kiti, imemwagwa ndani ya okestra nzima ya kiklasiki! Ellington alitunga, Ron Collier wa Kanada akasaidia kuipangia okestra kubwa, na matokeo yake ni kwamba fidla zile zile zilizozoea kukaa wima kama wageni wa heshima zinaanza kutikisa mabega. Taratibu. Kwa aibu. Halafu bila aibu kabisa!

Mwanzo ni kimya kimya, ukungu wa alfajiri, sauti chache laini laini, nyororo, baridi kidogo, kama kidole cha mtoto kinachokushika bila kujua kimekushika. Ukafika wakati wa kujipindapinda, filimbi inatembea peke yake. Peke yake! Inasimama, inachungulia, inageuka, inabadili mawazo. Mwanao alipoanza kutembea hukumfuata hivyo hivyo nyuma, mikono imetandazwa, roho mkononi? Mimi niliifuata ile filimbi mikono imetandazwa. Naapa.

Na bado!

Shangazi alikuwa barazani anachambua mchele. Nikashindwa kuvumilia, nikamchomeka kipande kimoja cha hedifoni sikioni, mimi kimoja, tukaungana kwa waya kama mbuzi wawili. Ikaingia ile sehemu ya maji ya kasi yanayocheka, na ndivyo alivyoiita Ellington mwenyewe, maji yanayochekacheka. Jamani ile kitu! Nyepesi, chokozi, tukutu, inateleza, inarukaruka, jazi tupu lakini na okestra nzima inakimbia nayo kama watoto waliotoroka shule. Shangazi akaacha mchele. Akainamisha kichwa. Kakulia kando ya Rufiji huyu, humdanganyi kuhusu mto.

“Maji yakicheka hivi,” akasema, “ujue chini kuna mawe.”

Nikabaki hoi. Kwa sababu mawe yapo kweli! Chini ya kicheko kuna besi nzito zinagongagonga, sikuzisikia mpaka aliponionyesha. Halafu likaja ziwa. Ee Mola. Hapa ndipo nilipokwisha. Fidla pana pana, za joto, tamu, nene kama tui la kwanza, na mdundo mwororo unakuyumbisha kama mtumbwi uliofungwa. Haya ndiyo mapenzi ya mwanzo, yale ya kuangaliana tu bila neno. Nikafumba macho. Shangazi akasema, “Hapo palipotulia ndipo wanapokaa mamba.” Shangazi!

Lakini sikiliza, kwa nini mwili wote unataka kuondoka na muziki huu? Nikaja kugundua: ulitungwa uchezwe! Ellington aliutengeneza kwa ajili ya American Ballet Theatre ya New York, na aliyebuni uchezaji ni Alvin Ailey, fundi wa dansi. Kwa hiyo hata miguuni ni mchanganyiko ule ule, wachezaji waliofundwa kusimama kwa ncha za vidole wanaambiwa sasa achieni nyonga. Ailey alisimulia kwamba alimkuta mzee na kanda za muziki wa maji wa wakubwa wa kiklasiki, Handel, Debussy, Britten, anazisikiliza kabla hajachovya kidole chake mwenyewe. Mtu ana zaidi ya miaka sabini, ametunga maisha yake yote, na bado anakwenda kusikiliza wenzake walivuka vipi! Na noti zilikuwa zikimfikia Ailey vipande vipande, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka siku ya kwanza jukwaani, Juni 1970, kazi ilionyeshwa ikiwa haijakamilika. Unaweza kufikiri? Maisha yanaonyeshwa hayajakamilika. Nimecheka peke yangu.

Kizingia cha maji kilipofika, ngoma zikaanza kuzunguka, zinakaza, zinakaza, tarumbeta zinapiga kelele, kila kitu kinavutwa katikati, na simu yangu ikaisha chaji! Pale pale! Nilitaka kulia. Nikakaa dakika ishirini sakafuni kando ya soketi kama mgonjwa anayesubiri zamu. (Kusema kweli, hapo kwenye kizingia fujo imezidi kidogo kwa masikio yangu. Kidogo tu. Tusameheane.)

Na bado, na bado! Ukishatoka humo unakutana na utu uzima, mkondo mkuu wa mto, na unajua sehemu hiyo inaitwaje? Riba! Nimeisoma mara tatu. Riba! Ellington sidhani alijua neno hilo linatufanya nini sisi wa huku, ila ni bluzi, bluzi ya mtu mzima anayetembea na mzigo begani na bado anatembea kwa maringo. Nilipomtajia shangazi jina akapiga paja. “Ehee! Kumbe hata huko wanaanza kulipa wakishakua!” Tukacheka mpaka mchele ukamwagika.

Baadaye kuna wimbo wa polepole, mpana, wenye harufu ya kanisa siku ya Jumapili mchana, watu wamechoka vizuri. Sitakueleza. Utausikia mwenyewe, na ukilia usinipigie simu. Ila hili nikuambie: katika kitabu chake cha maisha, kilichotoka 1973, Ellington anasema bahari siyo mwisho, maji yananyanyuliwa mbinguni, yanakuwa mvua, yanashuka chemchemini, yanakuwa mto tena. Nikamsomea shangazi huku nafungasha waya.

“Unafungasha nini?” akaniuliza. “Rudisha pale kwa mtoto.”

Nikarudisha. Mara nne. Sasa hivi anaita tena, na safari hii anataka sikio la kulia, eti ndilo lenye mawe.