Ng'ombe wa Busisi kwa Rangi za Mafuta

Ng'ombe wa asili wa Usukuma ni zebu wa pembe fupi: mwili mdogo, nundu juu ya mabega, ngozi iliyolegea inayoning'inia kuanzia kooni hadi kifuani, na nyonga zilizochongoka zinazoonekana hata kwa mbali. Wengi humwona duni wakimlinganisha na ng'ombe wa maziwa wa kizungu. Kwa mchoraji mambo ni kinyume chake. Ng'ombe aliyenona ana ubavu mpana usio na habari, ilhali zebu ana mifupa, na kwenye mfupa ndipo mwanga unapokatika na kivuli kuanza.

Busisi, wilayani Sengerema, iko upande wa magharibi wa Ghuba ya Mwanza na inatazamana na Kigongo. Tangu Juni 2025 pande hizo mbili zimeunganishwa na Daraja la JP Magufuli lenye urefu wa kilomita 3. Jambo lenye uzito kwenye uchoraji ni kwamba jua la Busisi huchomoza upande wa maji. Ng'ombe anayesimama ufukweni asubuhi huwa na mwanga nyuma yake: mwili ni giza, ukingo wa mgongo na manyoya ya masikio yanang'aa. Saa sita mchana hali hugeuka kabisa. Eneo hili halifiki nyuzi 3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupiga karibu wima, mgongo wote unawaka na kivuli kinajikusanya chini ya tumbo. Nyakati zote mbili zinafaa. Isiyofaa ni kuanza picha kwa mwanga wa saa moja na kuimalizia kwa mwanga wa saa sita.

Kazi huanza kwa rangi moja, kahawia ya udongo uliochomwa, iliyozimuliwa kwa tapentaini hadi iwe nyepesi kama chai ya rangi. Mstari wa kwanza ni wa mgongo: unatoka kwenye nundu, unashuka kidogo kiunoni, unapanda nyongani, kisha unaporomoka hadi shina la mkia. Mstari huo ukikosewa, hakuna urembo wa baadaye utakaomwokoa mnyama. Pembe, macho na kwato husubiri.

Kikwazo ni kwamba ng'ombe hatulii. Dawa yake ni kundi lenyewe, kwani yule anayechorwa akiondoka, baada ya muda mwingine husimama vilevile, na kazi huendelea kwa kuazima mguu wa huyu na shingo ya yule. Mbinu ya kuunganisha vipande ni ya zamani. Mholanzi Paulus Potter, kijana wa miaka 22 hivi, alichora mwaka 1647 fahali maarufu aliyepo sasa kwenye jumba la Mauritshuis, The Hague, katika picha yenye upana wa zaidi ya mita 3. Wachunguzi walibaini baadaye kwamba viungo vya fahali huyo ni vya ng'ombe wa umri tofauti. Watazamaji wengi hawajawahi kushtuka.

Kwenye rangi, ng'ombe mweupe ndiye mtihani mkubwa. Akitazamwa vizuri, weupe wake ni kidogo sana. Mgongo huchukua ubuluu wa anga, tumbo huchukua wekundu wa vumbi linalorudisha mwanga kutoka chini, na ubavu ulio kivulini huwa na kijivu chenye zambarau kwa mbali. Rangi nyeupe tupu hubaki kwa mguso mmoja juu ya nundu, pengine na mwingine kwenye nyonga. Anayepaka nyeupe kila mahali huishia na mnyama wa karatasi. Mweusi naye hachorwi kwa nyeusi ya tyubu: bluu nzito ikichanganywa na kahawia iliyochomwa hutoa weusi ulio hai, unaoweza kuvutwa kuelekea ubaridi mgongoni na kuelekea joto tumboni.

Raha yenyewe iko kwenye mabaka. Mafuta ya mbegu za kitani hayakauki kwa kupotea hewani kama maji. Huvuta oksijeni na kuganda polepole, hivyo rangi hubaki mbichi kwa saa nyingi, mara nyingi kwa siku kadhaa. Baka jekundu huwekwa kando ya jeupe, yote yakiwa mabichi, kisha brashi kavu hupitishwa kwenye mpaka, ikifuata mwelekeo wa manyoya. Mkono ukiwa mwepesi, rangi mbili huingiliana kidogo tu na ngozi hutokea yenyewe. Ukirudiwarudiwa, panakuwa tope. Hakuna rangi ya maji inayompa mtu nafasi hiyo ya kusita, kukwangua kwa kisu na kuanza tena.

Tanzania ina mkondo mwingine wa mafuta. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972, alitumia rangi ya mafuta ya dukani, ile ya kupakia milango na baiskeli, juu ya ubao laini wa dari. Rangi hiyo hukauka haraka na kung'aa, haikubali kuchanganywa taratibu juu ya picha. Ndiyo maana mnyama wake ni bapa, ana mstari mkali pembeni, na uhai wake unatokana na nukta na michirizi. Sam Ntiro wa Machame, aliyepitia Makerere na shule ya Slade, London, alishika njia ya tatu: mafuta ya wasanii, lakini kwa kumbukumbu. Mwalimu wake Makerere, Margaret Trowell, alikuwa akieleza tukio kwa maneno, wanafunzi wakachora walichokiona akilini. Njia hiyo hutoa kundi zuri kwenye mandhari. Ubavu wa ng'ombe mmoja unahitaji kutazamwa.

Tabaka zinazofuata hupakwa kwa kanuni moja: ya chini iwe na mafuta machache, ya juu iwe na mafuta mengi zaidi. Ikigeuzwa, tabaka la juu hukauka kwanza na kupasuka lile la chini linapoendelea kusogea. Macho huja mwisho, giza moja lenye nukta ndogo ya anga, bila kuzungushiwa mstari. Vanishi ya kulinda husubiri miezi sita hadi mwaka, kutegemea unene wa rangi, na muda huo wote kanvasi hukaa penye hewa na mwanga, mbali na vumbi.